Sumu na Dawa Yake

Hapa Uingereza tulisaidia kuandaa kongamano la wataalamu wa wanyama wenye sumu: tukapokea wageni, tukapanga viti, tukatafuta mahali pa kusali (pakapatikana ghalani, alhamdulillahi). Mengi yalisemwa, lakini lililotushughulisha ni dawa. Hutengenezwa kwa damu ya farasi aliyedungwa sumu kidogo kidogo, nayo ni ghali. Wanaoihitaji zaidi ni wakulima na watoto wa vijijini. Nyoka huua watu wasiopungua 81,000 kila mwaka, na Shirika la Afya Duniani liliutia msiba huu katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka 2017 tu! Basi mnaokwenda likizo nyumbani, waambieni jamaa: aliyeumwa na kifutu asifungwe kamba wala asichanjwe, atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali upesi.