Uwanja wa Mpakani Hausimami kwa Lami Peke Yake

Mkulima wa kahawa wa Mpepai, huko katika milima ya Mbinga, akisikia habari za viwanja vya ndege aweza kuuliza: mambo hayo yanihusu nini mimi? Kahawa yangu haipandi ndege. Hutoka shambani, ikaingia ghala la ushirika, ikakobolewa, ikapakiwa katika lori, na mwisho ikateremka pwani kungoja meli.

Swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa maneno matamu. Jibu lake ni kwamba viwanja hivyo vimejengwa kwa fedha ya umma, na ndege zimenunuliwa kwa fedha ya umma. Na fedha ya umma ni jasho la mkulima huyo huyo, pamoja na la mfanyakazi wa kiwandani, wa bandarini na wa reli. Mwenye mali ana haki ya kuuliza kama mali yake inafanya kazi au imelala.

Leo twataka kuuliza swali hilo juu ya uwanja mmoja, nao ni ule wa Songwe, karibu na Mbeya. Uwanja huu ulianza kutumika Desemba 2012, baada ya ujenzi uliochukua zaidi ya miaka 10, ukachukua mahali pa uwanja wa zamani uliokuwa mjini. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,330, kiasi cha kutosha kupokea ndege kubwa za masafa. Kutoka hapo hadi Tunduma, mlango wa Zambia, ni safari ya gari isiyofika kilomita 100. Na Kasumulu, mlango wa Malawi, nao hauko mbali. Kwa hiyo watu hawakukosea walipoupa jina la uwanja wa kimataifa. Lakini jina ni jambo moja, na kazi ni jambo jingine. Tangu siku ile hata leo, safari zake kubwa zimekuwa ni za kwenda na kurudi Dar es Salaam.

Tusije tukadharau safari hizo. Mwaka 2013 kampuni ya fastjet ilipoanza kutua Songwe kwa nauli nafuu, watu wengi ambao maishani mwao hawakupata kupanda ndege waliipanda. Kampuni ile ilipokoma mwishoni mwa 2018, Songwe ilikuwa imekwisha kuonyesha ya kuwa abiria wapo, ila hungoja nauli inayolingana na mfuko wao. Lakini hao wote walikuwa abiria wa ndani. Mpaka ulio karibu haukuleta hata sehemu ndogo ya faida iliyotazamiwa.

Kwa nini? Kabla ya kumlaumu mtu, na tuutazame uwanja mwingine uliotangulia kupita katika njia hii, ambao nao umejengwa karibu na mpaka. Uwanja wa Kilimanjaro, KIA, ulifunguliwa mwaka 1971 kati ya Moshi na Arusha, nao wakaa kati ya milango miwili ya Kenya: Namanga upande mmoja na Holili upande mwingine. Ulijengwa kwa shabaha iliyo wazi: mgeni ajaye kuutazama mlima wetu na wanyama wetu ashuke katika nchi yetu, si katika nchi ya jirani. Kwa maana hadi wakati ule mgeni alishuka Nairobi, akapanda gari la kampuni ya huko, akavuka Namanga, akatazama Ngorongoro na Serengeti, kisha akarudi kule kule alikotoka. Sisi tulibakiwa na vumbi la gari na ada ya kiingilio.

Je, kufunguliwa kwa KIA kuliligeuza jambo hilo mara moja? La, hasha. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946 na kumilikiwa kwa pamoja, lilikuwa na makao yake makuu Nairobi, na njia za ndege hufuata makao. Mapema mwaka 1977 shirika hilo likafa. Mwezi Februari mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na mwezi Machi tukaunda shirika letu wenyewe la ATC. Mpaka haukufunguliwa tena hata mwaka 1983. Katika miaka ile ya upweke KIA ilikuwa na lami ndefu na jengo kubwa, lakini ndege zilikuwa chache. Hapo ndipo tulipojifunza kwa gharama ya kwamba lami haina miguu. Haiwezi kwenda kumwita mgeni.

Baadaye KIA ilifufuka, na mashirika makubwa kama KLM, Ethiopian na Qatar yakawa yanashuka pale. Nini kilichoyaleta? Njia ya kurukia ilikuwapo tangu 1971, kwa hiyo siyo iliyoyaleta. Yaliletwa na abiria: wapandaji wa mlima, watalii wa mbuga, mahoteli yaliyokuwa tayari kuwapokea, waongozaji wanaojua kazi yao, na maofisa wa uhamiaji wa kuwagongea mihuri hapo hapo uwanjani. Hata hivyo, funzo halikuisha. Kwa miaka mingi maua na mboga za Arusha zimepakiwa katika malori, zikapitishwa Namanga, na kupandishwa ndege Nairobi, ijapokuwa KIA ilikuwa karibu zaidi. Ua halina subira. Mkulima wake hulipeleka mahali penye ndege za mizigo kila siku na ghala la baridi la uhakika, hata kama mahali hapo pako ng'ambo ya mpaka.

Ndiyo kusema, uwanja wa mpakani ni kama duka la njia panda. Likiwa na bidhaa, huvuta wateja wa vijiji viwili. Likiwa tupu, wateja wake wenyewe huvuka kwenda duka la jirani.

Yafaa pia wananchi wajue ya kuwa anga si shamba lisilo na mwenyewe. Sheria zake zilianza kuwekwa Chicago mwaka 1944, wakati ambapo wengi wetu katika Afrika tulikuwa bado chini ya watawala wa kigeni na hatukuwa na kiti katika mkutano ule. Kwa sheria hizo, ndege ya nchi moja haichukui abiria wala shehena katika nchi nyingine ila kwa ruhusa. Ruhusa ngumu kuipata ni ile iitwayo haki ya tano, yaani ndege ya kwetu ichukue mzigo katika nchi ya pili na kuupeleka katika nchi ya tatu.

Tuliliona jambo hili kwa macho yetu Januari 2024. Kenya ilikataa ombi la ndege yetu ya mizigo la kuitumia haki hiyo kutoka Nairobi. Tanzania nayo ikatangaza ya kuwa kuanzia tarehe 22 ya mwezi ule Kenya Airways haitabeba abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Haikupita wiki, wakubwa wa pande mbili wakazungumza, ruhusa ikatolewa, na katazo likaondolewa kabla ya kuanza kufanya kazi. Tulifurahi kuona mambo yanakwisha kwa mazungumzo. Lakini na tuseme kweli: ombi letu lilipata uzito kwa sababu tulikuwa na ndege ya mizigo ya kuombea. Kabla ya ndege ile kufika Juni 2023 tungeomba haki hiyo tuifanyie nini?

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lenye uchungu. Shirika letu la ATCL lilikuwa limefifia sana hata Serikali ilipoanza kulifufua mwaka 2016 kwa kununua ndege mbili za Q400. Zikafuata Boeing 787 na Airbus A220 mwaka 2018, na nyingine baadaye. Ni kazi kubwa, nasi hatuwaungi mkono wanaoibeza. Lakini Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alionyesha ya kuwa katika mwaka wa 2022/23 shirika lilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 56. Sababu moja yafahamika: injini za ndege za A220 zilipata matatizo yaliyotoka kwa mtengenezaji, yakazikumba nchi nyingi, na ndege zetu zikakaa chini zikingoja injini. Ndege iliyokaa chini haiingizi nauli, lakini gharama zake hazikai chini pamoja nayo.

Wapo watakaosema: shirika lenye hasara litawezaje kufungua safari mpya kutoka Songwe? Neno lao lina uzito. Nasi hatusemi ndege kubwa ipelekwe Songwe kesho kwa ajili ya fahari. Twasema tuanze na kidogo, tena kwa hesabu. ATCL imekwisha kufungua safari za kwenda Lubumbashi na Ndola. Chukua ramani, uweke rula kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi: mstari wapita karibu kabisa na Songwe. Wafanyabiashara wa Kongo na Zambia, ambao mizigo yao yapita Tunduma kwa malori, ndio hao hao wapandao ndege kuja Kariakoo. Je, haifai kujaribu ndege itue Songwe mara mbili kwa juma, ipokee watu wa Mbeya, Songwe, Njombe na kaskazini ya Malawi, na kuendelea na safari yake?

Jaribio kama hilo lataka mambo matatu, nayo yote yamo katika uwezo wetu. Kwanza, maofisa wa uhamiaji, wa forodha na wa afya wawepo uwanjani siku za safari, ili mtu asilazimike kwenda Dar es Salaam kugongewa muhuri. Pili, majirani waombwe ruhusa mapema na kwa heshima, nasi tuwe tayari kuwapa ndege zao ruhusa kama hiyo hapa kwetu. Kwani nipe nikupe si aibu kati ya ndugu. Tatu, jaribio liwekewe muda, tuseme miezi 12, na hesabu zake zitangazwe hadharani. Likishindwa, lifungwe bila kuoneana haya. Likifaulu, liongezwe.

Twakumbusha pia ya kuwa Songwe ilikaa miaka mingi bila taa za kuongozea ndege usiku, na ukungu wa Mbeya ukarudisha abiria Dar es Salaam mara nyingi. Mita 3,330 za lami zilingoja taa! Kosa la kujenga kikubwa na kusahau kidogo lisirudiwe.

Sasa turudi Mpepai. Kwa mkulima wetu uwanja wa karibu si Songwe, bali ni ule mdogo wa Songea, kama kilomita 100 kutoka Mbinga mjini. Huko ng'ambo ya Ziwa Nyasa, mkabala na Mbamba Bay, iko Nkhata Bay ya Malawi, ambako watu wa mwambao wana ndugu na biashara tangu zamani. Mtu wa Mbamba Bay anayetaka kumfikia jirani huyo kwa ndege hana budi kwanza aipe mgongo Malawi, aende hadi Dar es Salaam pwani ya bahari, kisha ageuke kurudi magharibi. Basi kama uwanja mkubwa wa mpakani haujaweza kuuvuka mpaka, huo mdogo wa Songea utatumaini nini?

Kwa hiyo, ndugu wanachama na wafanyakazi, kiongozi anapokuja kutuhesabia mita za lami, tumpigie makofi, kwani lami ni kazi. Kisha tumwulize kwa adabu: kwa juma ni ndege ngapi zinazovuka mpaka kutoka uwanja huu, zabeba watu wangapi, na faida yake ni kiasi gani? Mkulima wa Mpepai huhesabu kahawa yake kwa kilo alizopima mizanini, wala hahesabu kwa ukubwa wa ghala. Mali ya umma nayo ipimwe kwa mizani hiyo hiyo.