Pima Kwanza, Sensa Utanunua Baadaye

"Sensa ya oksijeni imekufa, kanunue nyingine." Kaa saa mbili kwenye gereji yoyote hapa Dar utaisikia sentensi hii, na mara nyingi anayeisema hajagusa hata waya mmoja wa sensa yenyewe. Kachomeka mashine, namba ya hitilafu imetokea, hukumu imetoka. Mwenye gari anashika njia ya Kariakoo au Ilala kutafuta spea. Hela anayoenda kuiacha huko kwa wengi wetu ni ya chakula cha wiki kadhaa, na bumu lenyewe mnajua linavyokuja.

Mimi nasema hiyo hukumu haina ushahidi, na ushahidi hauko mbali. Uko kwenye multimita.

Sensa hii inakaa kwenye bomba la ekzosi na kazi yake ni kulinganisha oksijeni iliyobaki kwenye moshi na ile ya hewa ya nje. Ikishapata joto, zaidi ya nyuzi 300 hivi, zirkonia iliyomo ndani inazalisha umeme yenyewe, kama kibetri. Petroli ikizidi inatoa karibu volti 0.9, hewa ikizidi inashuka hadi karibu 0.1. Katikati, pale kilo 14.7 za hewa zinapokutana na kilo 1 ya petroli, ni kama 0.45. Ni ile kanuni ya Nernst tuliyoimeza kwenye desa, tukaitapika kwenye mtihani, tukasahau. Bosch waliitengeneza, Volvo wakaanza kuiuza kwenye magari yao ya soko la Marekani mwaka 1976. Yaani ni teknolojia ya umri wa wazazi wetu, lakini humu chuoni ukiuliza nani ameishika mkononi, kimya.

Chukua Corolla ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, zile bado zinadunda mtaani. Nyingi hazihitaji hata mashine: kwenye kile kiboksi cha plastiki chini ya boneti unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini inaanza kupepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, halafu mara moja, hiyo ni 21, mzunguko wa sensa ya oksijeni. Hapo ndipo wengi wanapoishia, wakati hapo ndipo kazi inapoanza.

Ondoa kile kiwaya, washa injini, ipashe moto sawasawa, kisha ishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika mbili. Multimita iwe ya dijitali, kwenye volti za DC. Ile ya mshale ya zamani inaweza kuvuta umeme wa sensa ukasoma uongo, na usithubutu kutumia taa ya kupimia wala kupima ukinzani kwenye waya wa ishara. Usikate waya, pitisha pini nyembamba kwa nyuma ya soketi. Namba zinatakiwa zicheze, zipande na kushuka bila kutulia. Zikivuka katikati mara nane au zaidi ndani ya sekunde 10, sensa iko hai na ina nguvu. Zikijivuta, imechoka. Zikiganda, kanyaga mafuta ghafla: lazima ipande kupita 0.8. Achia ghafla: lazima ianguke karibu na sifuri. Isipofanya hivyo na nyaya ni nzima, sawa, sasa kanunue. (Haya ni ya sensa za volti. Magari mengi ya karibuni yana aina nyingine, msiende kuyapima hivi mkanilaumu.)

Kinachonikera zaidi ni kesi ambayo sensa inasema kweli na bado inaadhibiwa. Plagi moja ikifa, hewa ya silinda ile inatoka bila kuungua, na oksijeni yake inapita mbele ya sensa. Sensa inaripoti hewa nyingi, ndivyo ilivyo. Kompyuta inaongeza petroli, gari linakunywa kama halina akili, na fundi anamnyooshea kidole mjumbe. Ekzosi ikitoboka kabla ya sensa, kule karibu na injini, inakuwa hivyohivyo, inanyonya hewa ya nje. Weka sensa mpya hapo hata tatu. Na ile petroli ya ziada inaenda kuunguza masega, ambayo bei yake sitaki hata kuitaja.

Kuna washkaji wananiambia haya ni mambo ya mafundi wa mtaani, sisi tunasomea usanifu, na magari ya umeme yanakuja. Yanakuja, ndiyo. Lakini barabara zetu zimejaa mitumba ya Japani, na itaendelea kutembea hapa miaka mingi baada ya sisi kuvaa majoho. Halafu huyo fundi wa mtaani angalau anajua kuifungua sensa bila kuvunja uzi wake. Sisi tunajua kuandika milinganyo yake. Mtu wa kujua vyote viwili atatoka wapi kama si humu?

Kwa hiyo ombi langu liko kwa wizara ya elimu ya serikali ya wanafunzi. Nyuma ya karakana kuna gari bovu linaloota majani, na ndani ya karakana kuna multimita za dijitali zinazohesabiwa kila muhula na kurudishwa kabatini. Tuombeeni Jumamosi moja kwa mwezi, mhadhiri mmoja wa kusimamia, na ruhusa ya madereva wa taksi wanaopaki getini kuingia na magari yao. Tutapima bure. Kama idara inahofia vitu kuharibika, tuanze na lile bovu, tena sensa yake tuifungue kabisa tuishike kwenye moto wa tochi ya gesi na koleo. Ikitoa volti yake mbele ya darasa, hata wa mwaka wa kwanza ataelewa Nernst alikuwa anasema nini.