Mustang ya Kijani: Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni kipande cha mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Lakini msala wa mpita njia huondoka pamoja na mwenyewe, na mbacha hubaki nyumbani kumsitiri mwenye kuulalia. Methali hii hutajwa sana katika mambo ya ndoa na ya kazi. Iko familia moja ya Marekani ambayo, bila ya kuijua, iliishi nayo kwa muda wa miaka 46, na mbacha wake ulikuwa motokaa.

Motokaa hiyo ni ya lile kundi ambalo Wamarekani huliita motokaa za misuli. Katika mwaka wa 1964 kampuni ya Pontiac, iliyokuwa tawi la General Motors, ilichukua gari la wastani lililoitwa Tempest, ikalitia injini ya lita 6.4 iliyokusudiwa magari makubwa zaidi, ikaliita GTO. Kanuni za General Motors zilikataza injini kubwa namna hiyo katika gari la ukubwa ule. Wahandisi, akiwamo John DeLorean, walipata upenyo kwa kuiuza injini hiyo kama nyongeza ambayo mnunuzi aliweza kuichagua kwa dola 295 hivi. Katika mwaka huo wa kwanza ziliuzwa GTO 32,450. Washindani hawakukubali kuachwa nyuma. Mustang ya Ford, iliyotoka Aprili 1964, iliongezewa injini kubwa mwaka baada ya mwaka. Dodge wakaleta Charger, Plymouth wakaleta Road Runner, na Chevelle ya Chevrolet ikafikia nguvu ya farasi 450 katika mwaka wa 1970. Ulikuwa mwili wa kijana wa kawaida, na ndani yake moyo wa pandikizi la mtu.

Ufalme huo haukudumu. Makampuni ya bima yalipandisha ada kwa vijana waliomiliki magari ya aina hiyo, na sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikawalazimisha watengenezaji kupunguza moshi, na pamoja na moshi zikapungua nguvu. Kisha Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikazuia mafuta yasiende Marekani, na foleni ndefu zikaonekana kwenye vituo vya petroli. Gari linywalo petroli kama ngamia anywavyo maji likageuka kuwa mzigo kwa mwenyewe. Mengi yaliuzwa kwa bei ya kutupa, mengine yakagongwa, na mengine yakaachwa nyuma ya mabanda hata nyasi zikaota sakafuni mwake.

Haya ndiyo magari ambayo leo watu wazima wanayatafuta kwa udi na uvumba. Wengi wao walikuwa vijana wa miaka ya 1960, na miongoni mwao wamo askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam wakiwa na mshahara waliouweka akiba, wakaununulia motokaa ya kwanza maishani mwao. Walipooa na kupata watoto, gari la milango miwili halikutosha, likauzwa. Sasa wamestaafu, watoto wamehama, na mtu anajiuliza: lile gari liko wapi?

Anayelipata huanza kazi ya miaka. Bodi hutenganishwa na injini, viti na vioo hutolewa, kutu hukatwa mpaka chuma kizima kionekane, na mabati mapya huchomelewa mahali pa yale yaliyoliwa. Kabureta hufunguliwa na kuoshwa, breki hufanywa upya, na nyaya za umeme hubadilishwa. Lakini kabla ya yote fundi hodari huangalia namba. Kila gari lina namba yake ya kiwandani, na katika magari mengi ya wakati ule injini nayo ilipigwa namba ya kuihusisha na gari hilo. Namba zikilingana, gari lina thamani kubwa. Zisipolingana, ni sawa na mtu aliyevaa sare isiyo yake.

Mustang ya familia hii ilianza kazi yake katika mji wa San Francisco, mwaka wa 1968. Kampuni ya filamu ya Warner Bros. ilipata Mustang mbili zenye namba zinazofuatana, moja ikiishia na 558 na ya pili 559. Zote zilikuwa za rangi ya kijani kilichoiva, zenye injini ya lita 6.4, nguvu ya farasi 325 na gia nne za mkono. Zilitumika katika filamu iitwayo Bullitt, inayomhusu Luteni Frank Bullitt, afisa wa polisi wa mji huo. Mwigizaji wake, Steve McQueen, hakuwa mgeni wa sare, kwa kuwa alilitumikia jeshi la wanamaji wa nchi kavu la Marekani tangu 1947 hadi 1950. Mustang ya namba 558 ilipewa kazi ngumu ya kuruka vilima. Ya namba 559 ilitumika zaidi mwigizaji alipoonekana uso kwa uso.

Katika filamu hiyo Mustang inaifukuza Charger nyeusi ya wauaji kwa muda wa dakika kumi na zaidi, juu na chini ya vilima vya mji. Askari wa usalama barabarani akiitazama atakumbuka kwamba waliokuwa kwenye usukani ni madereva wa kazi hiyo, waliofanya mazoezi. Mwendo wa namna hiyo katika mtaa wenye watoto ni msiba uliovaa nguo za mchezo.

Filamu ilipomalizika, magari hayo yaliachana. Ya namba 558 ilikuwa imevunjika vunjika, ikapelekwa kwenye vyuma chakavu. Ya namba 559 iliuzwa kwa mfanyakazi wa kampuni ya filamu, na katika mwaka wa 1970 ikanunuliwa na mpelelezi mmoja wa polisi wa jimbo la New Jersey. Basi motokaa ya polisi wa filamu ikaangukia mikononi mwa polisi wa kweli! Mwaka wa 1974 mpelelezi huyo aliitangaza katika gazeti la magari, naye Robert Kiernan, mtu wa kazi ya bima, akaiona na kuinunua kwa dola 6,000. Petroli ilikuwa ghali, na fedha hizo zilizidi bei ya Mustang mpya ya mwaka ule. Majirani wenye hesabu za haraka wangeweza kusema kwamba amepungukiwa na akili.

Lakini gari hilo halikuwekwa kama pambo. Lilikuwa gari la nyumbani. Mkewe Kiernan, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliliendesha kwenda kufundisha. Watoto wa shule walimwona mwalimu wao akishuka katika gari lenye alama za vyuma vilivyochomelewa chini yake kwa ajili ya kushika kamera za filamu, na haielekei kwamba walijua ni alama za nini.

Desemba 1977 ilifika barua. Ilitoka kwa Steve McQueen mwenyewe, ambaye wakati huo jina lake lilijulikana dunia nzima. Alieleza kwamba angependa kuirudisha Mustang ile mikononi mwake, naye angekuwa tayari kujaribu kumtafutia mwenye mali Mustang nyingine inayofanana nayo, mradi gharama isizidi mno. Ni watu wangapi wangekataa ombi la mtu kama huyo? Robert Kiernan hakuliuza gari lake. Barua aliihifadhi. McQueen alifariki Novemba 1980, bila ya kulipata.

Katika mwaka huohuo wa 1980 klachi ya Mustang iliharibika, ikiwa imekwisha kutembea maili 65,000 hivi, yaani zaidi ya kilomita 100,000. Kazi ya klachi si kubwa kwa fundi. Lakini kila mwenye familia anajua jinsi mambo yanavyokwenda: mwezi huu ada, mwezi ujao paa la nyumba, mwaka ujao uhamisho wa kazi. Gari likasimama. Familia ilihama kutoka jimbo moja hadi jingine, hata ikafika karibu na Nashville katika Tennessee, na Mustang ikahamishwa pamoja nayo kama kabati la nyanya. Mwaka wa 2001 Ford walipotoa Mustang mpya ya ukumbusho wa filamu ile, baba na mwanawe, Sean, waliamua kulifufua gari lao. Walianza kulifungua. Kisha baba akashikwa na maradhi ya Parkinson, ambayo humtetemesha mtu na kumnyang'anya utiifu wa viungo vyake. Mikono iliyokuwa ishike spana ikawa yahitaji kushikwa. Robert Kiernan alifariki mwaka wa 2014, na kazi waliyoianza pamoja ilikuwa haijamalizika.

Mwana aliichukua kazi hiyo kama deni. Hapo ndipo alipokutana na swali linalowagawa wapenzi wote wa magari ya kale: alipake rangi mpya, au aliache lilivyo? Fundi wa kunyosha bodi angeweza kuliondoa kila kovu na kulirudisha gari ling'ae kama siku lilipotoka kiwandani. Lakini makovu yenyewe ndiyo yaliyokuwa ushahidi. Zile alama za kamera zingekatwa, gari lingekuwa zuri na bubu. Sean aliitengeneza injini na vyombo vyake hata gari likatembea, na rangi iliyochakaa akaiacha.

Gari la pili lilikuwa na ajali nyingine. Miaka mingi ilidhaniwa kwamba la namba 558 limekwisha kusagwa. Mwaka wa 2017 habari zilitoka kwamba limeonekana Mexico, katika rasi ya Baja California, likiwa kopo tupu lisilo na injini, limepakwa rangi nyeupe. Fundi aliyelinunua alikusudia kulibadili liwe mfano wa gari la filamu nyingine. Mtaalamu wa kumbukumbu za Ford, Kevin Marti, aliitwa akalikagua na kuithibitisha namba yake. Wahenga walisema cha kuvunda hakina ubani. Lakini kopo lile lilipata ubani wake, likatiwa mabati na injini upya. Kwa gari hilo matengenezo makubwa yalikuwa ya haki, kwani pasipo kufanywa upya lisingekuwa gari. Hivyo ndugu wawili wa kiwanda kimoja, waliotofautiana namba moja tu, kila mmoja alihitaji dawa yake.

Januari 2018, miaka hamsini baada ya filamu, Sean Kiernan alilionyesha gari la baba yake hadharani kwenye maonyesho ya Detroit, na Aprili ya mwaka huo likawekwa ndani ya chumba cha kioo katika uwanja mkuu wa Washington. Mwishowe, tarehe 10 Januari 2020, liliuzwa kwa mnada huko Kissimmee, Florida, kwa dola milioni 3.4, na pamoja na ada za mnada jumla ilifikia dola milioni 3.74.

Wapo watakaosema kwamba mwana aliuuza mbacha wa baba yake. Wengine watajibu kwamba baba aliutunza ili familia yake isitiriwe, na kwamba mali isiyoweza kuegeshwa nje ya duka bila ya mlinzi imekwisha kuacha kuwa gari la nyumbani. Mwalimu asingeweza tena kuliendesha kwenda shule. Kila nyumba na iamue yenyewe ni nani aliye na haki.

Lililo wazi ni hili: thamani ile haikutoka katika chuma peke yake. Namba za chasisi, barua ya McQueen na karatasi za wenye gari waliotangulia ndivyo vilivyotofautisha gari hilo na maelfu ya Mustang za kijani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Askari ahamishwaye kutoka kambi hadi kambi, na mkewe afungaye masanduku, wana sababu ya kuliweka neno hilo moyoni: kadi ya gari au ya pikipiki, risiti za spea na hati ya ununuzi zikae katika bahasha moja isiyoingia maji, na mama wa nyumba ajue ilipo.

Kadhalika, ikiwa chombo kitasimama miezi mingi, yako mambo machache ya kuzingatiwa. Petroli imwagwe katika tangi na kabureta, kwa kuwa ikikaa sana hugeuka ulimbo. Betri ifunguliwe na kuwekwa mahali pakavu. Gari liinuliwe juu ya magogo imara ili matairi yasibonyee upande mmoja. Panya wazibiwe njia, maana hupenda kutafuna nyaya. Na siku ya kuliamsha, lisivutwe kwa papara: mafuta kidogo ya injini yatiwe kwenye silinda na injini izungushwe kwa mkono kwanza, nayo mafuta ya breki yabadilishwe, kwani hunyonya unyevu wa hewa. Gari lisikaribie barabara kabla breki hazijajaribiwa.

Robert Kiernan aliahirisha klachi moja katika mwaka wa 1980, na mwanawe ndiye aliyelitia gari mwendo tena, baba akiwa hayupo kuisikia injini. Mwenye kazi ya namna hiyo iliyolala bandani, naye ana mtoto wa kumshikia taa, asingoje sana.