Futsal haichezwi kwa pumzi ya jogingi

Aprili 2025 mjini Rabat, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania ilicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika la futsal dhidi ya wenyeji Morocco, ikafungwa 3-2. Kombe lilibaki Morocco, lakini tayari Tanzania ilikuwa imekata tiketi ya Kombe la Dunia la kwanza la wanawake la mchezo huo, lililopigwa Ufilipino mwishoni mwa mwaka. Kwa nchi ambayo viwanja vya ndani vyenye sakafu nzuri vinahesabika, hayo ni mafanikio makubwa. Inauma basi kusikia futsal bado inaitwa mchezo mwepesi, kimbilio la waliochoka na soka la uwanja mkubwa.

Wanaosema hivyo hudanganywa na udogo wa uwanja. Wachukue kalamu wapige hesabu. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68, ukigawanywa kwa wachezaji 22, kila mmoja anapata zaidi ya mita za mraba 320. Uwanja wa futsal wa mita 40 kwa 20 una wachezaji 10 tu, na bado kila mmoja anaambulia mita za mraba 80. Winga wa soka anaweza kusimama pembeni dakika nzima akivuta pumzi huku mpira ukichezwa upande wa pili. Kwenye futsal hakuna upande wa pili wa kupumzikia. Mpira ukipotea, mpinzani ameshafika golini kwa pasi mbili.

Saa nayo haina huruma. Mchezo una vipindi viwili vya dakika 20, na saa husimama kila mpira unapotoka. Hizo dakika 40 ni za mpira ukiwa mchezoni, hakuna ya kupotezea kwenye kurusha wala kujilaza. Anayeanzisha mpira ana sekunde 4 tu.

Mwaka 2008 watafiti wa Hispania wakiongozwa na José Carlos Barbero-Álvarez walichapisha vipimo walivyochukua kwenye mechi za wachezaji wa kulipwa. Kwa wastani mchezaji alikimbia zaidi kidogo ya kilomita 4, kama mita 117 kwa kila dakika aliyokuwa uwanjani. Moyo wake ulidunda kwa wastani wa asilimia 90 ya uwezo wake wa juu kabisa. Mtu aliyewahi kupanda ngazi za ghorofa sita mbiombio anaujua mdundo huo. Mchezaji wa futsal anautafuta, anaupoza kidogo, kisha anaurudia.

Hapo ndipo maandalizi ya timu nyingi za Afrika Mashariki yanapokosea njia. Kocha anawaamsha vijana alfajiri, wanakimbia kilomita 8 au 10 barabarani kwa mwendo mmoja, wanarudi wametota jasho, na wote wanaridhika kwamba kazi imefanyika. Wamejenga pumzi, ni kweli, na pumzi ni msingi. Lakini mchezo hauwadai mwendo mmoja. Unawadai mbio fupi za mita 5 hadi 20, kusimama ghafla, kugeuka, kuruka, kukanyaga mpira kwa unyayo na kuondoka tena. Nguvu ya mbio kali kama hizo hutoka kwenye akiba ndogo iliyomo ndani ya misuli, inayokwisha kwa sekunde chache tu. Mchezaji akipumzika nusu dakika hurudishiwa karibu nusu ya akiba hiyo. Ili ijae anahitaji dakika kadhaa. Mwenye pumzi nzuri huijaza upesi zaidi, ila misuli isiyozoeshwa kuikomba akiba yenyewe haitapata kasi kwa kukimbia barabarani.

Zoezi linalofaa halihitaji mashine. Weka koni mbili umbali wa mita 10. Mchezaji aondoke kwa kasi yake yote, afunge breki kwa hatua mbili au tatu fupi huku kiuno kimeshuka, ageuke, arudi. Apumzike sekunde 20. Arudie mara sita, kisha apewe dakika tatu za kupumua. Mzunguko unaofuata ageukie mguu wa pili. Kocha aangalie goti wakati wa kufunga breki: likiingia ndani, zoezi lisimamishwe na mchezaji aelekezwe upya. Baada ya hapo zichezwe mechi za watatu kwa watatu, dakika tatu tatu, mapumziko yakilingana na muda wa kucheza.

Suala la goti lina uzito wa pekee kwa timu za wanawake. Wanawake huchanika kano ya ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume katika michezo ya kukata kona na kuruka, na jeraha hilo humweka mchezaji nje kwa miezi mingi. Kinga ipo na ni ya bure. Programu ya FIFA 11+ huchukua kama dakika 20 kabla ya mazoezi: mbio za taratibu, kujenga nguvu ya mapaja na kiuno, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua vizuri. Majaribio kwa maelfu ya wachezaji, wakiwemo wasichana wa Norway, yameonyesha kuwa majeraha hupungua pale programu inapofuatwa kwa ukamilifu. Kocha anayesema hana muda wa dakika 20 anapaswa kubanwa na uongozi wa timu yake.

Benchi nalo ni sehemu ya stamina. Kanuni zinaruhusu kubadilisha wachezaji bila kikomo, bila kusubiri mpira usimame, na timu kubwa huingiza wanne wapya kila baada ya dakika chache. Kwetu mabadiliko bado yanaonekana kama adhabu. Nyota anaachwa dakika 15 mfululizo kwa sababu ndiye nyota, na dakika za mwisho, mpinzani anapomtoa kipa langoni ili awe na washambuliaji watano, miguu ya nyota huyo imekwisha. Kocha wa futsal anahitaji wachezaji 8 wenye kiwango kinachokaribiana, na wote wanane wafanye mazoezi kwa ukali uleule.

Tanzania imeshaonyesha kwamba vipaji vipo. Shirikisho na klabu sasa ziajiri wakufunzi wa viungo wanaoujua mchezo huu hasa, ziwapime wachezaji kwa vipimo vya mbio fupi za kurudiarudia kila mwanzo wa msimu, na ziwape ratiba ya mwaka mzima badala ya kambi ya wiki tatu kabla ya mashindano. Shule za sekondari zenye viwanja vya zege vya kikapu zinaweza kuanza leo: mistari ichorwe, magoli ya mita 3 kwa 2 yachomelewe, na ununuliwe mpira namba 4 usiodunda sana.