Mtihani wa leseni hautatuletea walimu bora

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka mabaya, wimbo ni uleule: walimu wachujwe. Wakalishwe kwenye mtihani, anayefaulu apewe leseni, anayefeli akatafute kazi nyingine. Wazazi wanaamini hivyo, wabunge wanaamini hivyo, na hata wanachuo wa ualimu, ambao ndio watakaolipia fomu, wengi wao wanaamini. Daktari ana leseni, wakili ana leseni, dereva wa daladala ana leseni, kwa nini mwalimu akose? Mimi leseni sina ugomvi nayo. Ninachokikataa ni hii imani kwamba mtihani wa mwisho wa chuo unaweza kumtambua mwalimu mzuri, sembuse kumtengeneza.

Jambo hili linatuhusu sasa hivi. Tanzania ilitunga Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu mwaka 2018, na miongoni mwa kazi za bodi hiyo ni kusajili walimu na kuwapa leseni. Kabla hatujaanza kushangilia karatasi za maswali, tuwaangalie waliotutangulia. Marekani wamekuwa wakiwatahini walimu wao kwa miongo kadhaa. Kule kila jimbo hutoa leseni yake na kujipangia alama za kufaulu, kiasi kwamba kwa mtihani wa Praxis, unaoandaliwa na shirika la ETS, mtu anaweza kupata alama zinazomfaulisha jimbo moja na kumfelisha jimbo jirani. Sasa mtihani huo unapima ualimu, au unapima umeketi upande gani wa mpaka?

Wamarekani wenyewe waliuona upungufu huo wa karatasi. Ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford wakabuni edTPA, mtihani ulioonekana kuwa mwarobaini wa tatizo. Mwalimu tarajali hachagui tena A, B, C au D. Anaandaa masomo matatu hadi matano yanayofuatana, anayafundisha, anajirekodi video, anakusanya kazi za wanafunzi, kisha anaandika maelezo marefu kueleza kwa nini alifanya alichofanya. Yote hayo yanapelekwa kwenye mfumo unaosimamiwa na kampuni ya Pearson, yanasahihishwa kwa vigezo 15 na mtu ambaye hajawahi kukanyaga shule hiyo. Ada ilikuwa dola 300.

Kwa maneno, wazo zuri. Lakini fikiria mwanachuo anajiandaaje kwa mtihani wa namna hiyo. Video inayotumwa ni ya dakika chache tu. Basi atachagua kipindi ambacho darasa limetulia, atawaomba watundu wakae mbali na kamera, atarudia kurekodi hadi apate kipande kinachopendeza. Usiku, badala ya kusahihisha madaftari au kujiuliza kwa nini yule mtoto wa dawati la nyuma hajui kugawanya, atakuwa anaandika kurasa za maelezo akitumia misamiati anayoijua msahihishaji. Hapo anajifunza kuandika kuhusu kufundisha. Kufundisha kwenyewe kunasubiri.

Walioliona mapema ni wanachuo. Mwaka 2012, mtihani huo ulipokuwa bado wa majaribio, wanafunzi 67 kati ya 68 waliokuwa wakisomea ualimu wa shule za kati na sekondari katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, waligoma kupeleka video na kazi zao. Walisema wahadhiri na walimu waliokuwa nao darasani muda wote ndio wanaoweza kuwapima. Hawakusikilizwa, majimbo yaliendelea kuukumbatia. Kisha yakaanza kuutema: Georgia mwaka 2020, Washington 2021, New York 2022, na New Jersey mwishoni mwa mwaka huohuo.

Corona ilileta jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Vituo vya mitihani vilifungwa mwaka 2020, na jimbo la Massachusetts likaruhusu leseni za dharura kwa wenye shahada ambao hawakufanya mtihani wa jimbo. Kwa mujibu wa wafuasi wa mchujo, hapo shule zingepaswa kuporomoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipofuatilia, walikuta kwamba katika tathmini za shuleni walimu hao kwa jumla walikuwa sawa na wenzao wapya.

Nisidanganye: mitihani si bure kabisa. Mchumi Dan Goldhaber alichambua takwimu za North Carolina, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 alikuta uhusiano kati ya alama za mwalimu na maendeleo ya wanafunzi wake. Ila uhusiano wenyewe ni dhaifu. Wapo waliofeli ambao wangefundisha vizuri, na wapo waliofaulu ambao darasani hawafai. Ukitaka kujua kama mwalimu wa hesabu anajua hesabu, mpe mtihani wa hesabu, hilo sina pingamizi nalo. Tatizo linaanza pale karatasi ileile inapotarajiwa kutuambia kama ataweza kulishika darasa la watoto 90 saa nane mchana, njaa inauma na chaki imekwisha.

Na mchujo mbovu una gharama zake. Jiji la New York lilishtakiwa mwaka 1996 na walimu Weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini kwa sababu ya mitihani ya leseni iliyowaangusha kuliko Weupe. Kesi iliburuzwa miaka mingi, na mwaka 2012 mahakama iliamua kwamba mmoja wa mitihani hiyo ulikuwa wa kibaguzi: haukuwa umethibitishwa kwamba unapima uwezo wa kufundisha. Walimu waliotolewa kazini au kushushwa malipo kwa ajili ya karatasi hiyo bado wamekuwa wakilipwa fidia.

Turudi nyumbani. Tangu walimu waanze kupitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira, tumeshaonja kidogo. Ulizia vijana wanaojiandaa kwa usaili wa mchujo wanasoma nini. Wanasoma madesa. Makundi ya WhatsApp yamejaa maswali ya waliotangulia, na majibu yake ya kukariri. Leseni ikija kwa njia hiyohiyo, biashara ya madesa itapanuka, basi.

Wakati huohuo mahali ambapo mwalimu anapatikana kweli, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni (BTP), tumepageuza kuwa utaratibu wa kujaza fomu. Mwanachuo anapelekwa shuleni kwa wiki chache. Mwalimu wa somo anashukuru Mungu kupata mtu wa kumpunguzia vipindi, naye haonekani tena darasani. Mhadhiri ana orodha ndefu ya wanachuo wilaya nzima. Anafika, anakaa kipindi kimoja nyuma ya darasa, anaangalia andalio la somo, anatia saini, anawahi gari. Wanafunzi wameshaambiwa tangu asubuhi kwamba mgeni anakuja, kwa hiyo wanaojua majibu ndio wanaonyoosha mikono. Hii ndiyo tathmini ya ualimu tuliyo nayo, na badala ya kuirekebisha tunataka kuongeza mtihani juu yake.

Bodi ikitaka leseni yenye uzito, ianzie hapo. Mwalimu tarajali akae shuleni muda wa kutosha kuona muhula unavyoanza na unavyokwisha. Awe na mwalimu mlezi anayelipwa kwa kazi hiyo na kupunguziwa vipindi, anayeingia darasani kila wiki, na ambaye neno lake lina nguvu ya kumzuia mtu asipate leseni. Mhadhiri aje mara nyingi, na aje bila taarifa. Mtihani wa somo ubaki pembeni kama nyongeza.

Nitaulizwa hela zitatoka wapi, na hapo ndipo siri ya mapenzi yetu kwa mtihani ilipo. Malezi ya mwalimu hulipiwa na serikali. Mtihani hulipiwa na mtahiniwa.