Hifadhidata huria inahitaji mtunzaji

Takwimu za mwezi za zahanati, kuanzia vijiji vya Mgololo wilayani Mufindi hadi Mbeya, hutoka kwenye vitabu vya MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya) na kuingizwa katika DHIS2, mfumo huria ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo. Mfumo huo umejengwa juu ya PostgreSQL, hifadhidata yenye asili yake Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha bila kulipia leseni. Fedha inayookolewa hapo inapaswa kuajiri na kufundisha watunzaji wa hifadhidata.

Wapo wanaosema ni heri kununua programu ya kampuni kubwa, ili mambo yakiharibika pawe na wa kuwajibika. Hoja hiyo ina uzito, lakini leseni hainunui umakini. PostgreSQL huandika kila badiliko kwenye kumbukumbu maalumu kabla ya kugusa majedwali, hivyo umeme ukikatika, taarifa zilizokwisha kuthibitishwa hurejeshwa. Diski ikiharibika kabisa, mkombozi ni nakala rudufu iliyotunzwa kwingine na kujaribiwa mara kwa mara, na kazi hiyo humtaka mtu. Wengine wanahofu kwamba msimbo ulio wazi huwarahisishia wadukuzi kazi. Lakini uwazi huohuo huwawezesha wataalamu wengi kugundua kasoro na kuzirekebisha, mradi yupo wa kusakinisha marekebisho kwa wakati. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kipo humohumo Mbeya. Serikali iwape vijana wa chuo hicho kazi hii, kwa ajira ya kudumu.