Miche 10,000, mama mmoja

Kila msimu wa kupanda miti, sisi waandishi wa habari tunaandika habari ile ile. Mheshimiwa kapanda mche, kaumwagilia, kapigwa picha, na mwishoni tunaweka idadi. Miche 10,000! Hakuna anayeuliza mbegu zake zilitoka kwenye miti mingapi.

Utaniambia mti ni mti tu. Hebu twende Usambara Mashariki. Msitu wa kule umekatwa vipande vipande tangu enzi za Mjerumani, katikati yake chai, kwingine iliki. Ukipanda basi kwenda Amani unaona kijani kitupu, unarudi Dar ukisifia. Ila macho hayaoni kila kitu.

Kwenye msitu wa mvua, mti na mwenzake wa aina moja wanaweza kuwa mbali sana, katikati wamejaa wengine. Ili wazae wanahitaji washenga: wadudu, ndege, popo. Chukua msambu, ule ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Uko kama mpapai, kuna dume na jike. Kipande cha msitu kikibaki na dume mmoja, huyo ndiye baba wa watoto wote.

Mwaka 2003 Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha utafiti wao kuhusu mti mwingine wa milima hiyo, Leptonychia usambarensis. Kwenye vipande vidogo vya msitu, ndege wanaobeba mbegu zake walikuwa wachache, na mbegu nyingi zikaishia chini ya mama yao. Sasa piga hesabu mwenyewe. Ndugu kazungukwa na ndugu, wakichavushana wao kwa wao watazaa miche dhaifu, na ugonjwa ukiingia hakuna aliye tofauti wa kunusurika.

Kinachonitisha ni kwamba haya huja polepole. Mizee mingi iliyosimama leo iliota wakati msitu haujamegwa hivi, bado ina urithi wa zamani. Umaskini uko kwenye miche, na mche hauna mtu wa kumlilia.

Ndiyo maana ushoroba wa Derema, unaounganisha msitu wa Amani na misitu ya kaskazini yake, kwangu ni habari kubwa kuliko sherehe zote za kupanda miti. Lakini ulipatikana kwa kuwatoa wakulima kwenye mashamba yao ya iliki, na suala la fidia likavutana miaka. Wapo wanaosema hiyo ndiyo gharama ya uhifadhi. Sikubali. Mto Zigi unatoka milima hiyo na watu wa Tanga mjini wanakunywa maji yake. Kwa nini bili yote apelekewe mkulima wa iliki?

Turudi kwenye miche yetu. Wataalamu hushauri mbegu zikusanywe kwenye miti mama kama 30 hivi, tena iliyoachana vya kutosha. Sasa kijana anayelipwa kwa gunia atahangaika kupanda na kushuka milima kutafuta miti 30? Atakwenda kwenye mti mmoja ulio karibu na barabara, ajaze gunia, aondoke. Mimi nisingemlaumu. Nawalaumu wanaomlipa kwa gunia, na sisi tunaoshangilia idadi.

Nikitumwa tena kwenye sherehe hizo, swali langu la kwanza litakuwa la mbegu. Mheshimiwa atanuna, najua, na mhariri huenda akalifyeka. Wewe msomaji unaonaje?